Orodha Bila ya Mizani: Santuri Bora za Hip-Hop na Namna ya Kuzipanga

Mnunuzi akienda dukani kununua mchele, hutaka kuona gunia limefunguliwa na mizani imewekwa mbele yake. Muuzaji akimwambia tu kwamba mchele huu ni wa kwanza na ule ni wa pili, wala asimwonyeshe sababu, mnunuzi mwenye akili humwacha akaenda duka la jirani. Lakini katika mambo ya sanaa watu wengi wamekubali kununua bila ya kupimiwa. Huletewa orodha, ya kwanza mpaka ya mia mbili, wakaambiwa kuwa hizi ndizo bora za wakati wote, nao wakaipokea kama ilivyo na kuisambaza.

Makala haya yazungumza juu ya orodha za namna hiyo, na hasa zile za santuri za hip-hop ya Marekani, ambazo vijana wa nyumba zetu, wa kike na wa kiume, wanazijua vizuri. Leo santuri hizo husikilizwa katika simu, na vijana huziita albamu, lakini jina la santuri latutosha. Hatukusudii kuingia katika hukumu ya ala na ngoma. Suala hilo lina wanazuoni wake na limeandikiwa vitabu. Tunalouliza ni hili: huyu anayepanga hupanga kwa kipimo gani? Na mzazi anayejiwa na mwanawe na orodha kama hiyo, amjibu neno gani lililo la haki?

ASILI YAKE

Kwa kauli iliyo mashuhuri, hip-hop ilianza tarehe 11 Agosti 1973, katika nyumba nambari 1520 ya barabara ya Sedgwick, mtaa wa Bronx, mjini New York. Msichana aitwaye Cindy Campbell alifanya tafrija ili apate fedha za nguo za shule, na kaka yake Clive, mzaliwa wa Jamaika ajulikanaye kwa jina la Kool Herc, ndiye aliyepiga santuri. Kijana huyu alikuwa ametambua kwamba wachezaji hungoja pale sauti ya mwimbaji inaponyamaza na ngoma ikabaki peke yake. Basi akawa anatumia nakala mbili za santuri moja ili kuirefusha sehemu hiyo. Juu ya mdundo huo watu wakaanza kusemasema, kisha wakaghani kwa vina.

Mswahili hana haja ya kuelezwa kughani ni nini, wala hashangazwi na watunzi wanaoshindana na kujibizana kwa beti. Twaujua ufundi huo tangu zama za Muyaka bin Haji na kabla yake. Kwa hiyo yule asemaye kwamba hip-hop ni makelele matupu yasiyo na utunzi, amesema jambo ambalo masikio yake mwenyewe yangalimkanusha lau angeyapa nafasi.

Hapo mwanzo muziki huu uliuzwa wimbo mmoja mmoja. Mwaka 1979 "Rapper's Delight" ya kundi la Sugarhill Gang ilienea duniani, nayo ilikuwa ya furaha na majigambo. Mwaka 1982 "The Message" ya Grandmaster Flash na wenziwe ilieleza dhiki ya mitaa ya mafukara. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 ndipo santuri nzima ilipofanywa kazi moja yenye mwanzo na mwisho, na tofauti yake na wimbo mmoja ni kama tofauti ya utenzi na ubeti. Kazi nzima kama hiyo ndiyo inayostahili kuhakikiwa.

VIPIMO VINAVYOGONGANA

Wako wanaopima kwa mauzo. Kipimo hiki ni chepesi, kwani nambari haina ubishi. Lakini tazama kinatufikisha wapi. Mwaka 1990 MC Hammer alitoa santuri iliyouzwa Marekani zaidi ya nakala milioni kumi, na leo ni wachache mno wanaoitaja katika zilizo bora. Nas alitoa "Illmatic" mwaka 1994, nayo haikufikia daraja ya nakala milioni moja ila mwaka 2001. Hata hivyo, mwaka 2021 maktaba ya taifa la Marekani ilitangaza kuiingiza katika hazina yake ya sauti zinazohifadhiwa kwa ajili ya vizazi. Soko lilisema neno moja, na miaka ikasema jingine.

Wako wanaopima kwa rai za wahakiki. Hapa pia pana mgongano. Gazeti la Rolling Stone, katika orodha yake ya mwaka 2020 ya santuri 500 za kila aina ya muziki, liliiweka "The Miseducation of Lauryn Hill" katika nafasi ya kumi, juu ya santuri nyingine zote za hip-hop. Mwaka 2022 gazeti hilo hilo likatoa orodha ya santuri 200 za hip-hop peke yake, na aliyekaa kileleni hakuwa Bibi Lauryn bali Notorious B.I.G. na "Ready to Die" yake. Mwaka 2024 kampuni ya Apple Music ikapanga santuri mia moja za kila aina, na ya kwanza ikawa ile ile ya Bibi Lauryn. Kwa muda wa miaka minne cheo kimekwenda na kurudi, na santuri zenyewe hazikuongezwa wala kupunguzwa hata neno. Kilichobadilika ni watu walioulizwa na swali waliloulizwa.

Hatusemi kwamba wahakiki hao ni wajinga. Wengi wao ni wajuzi. Kasoro ni kwamba nambari huficha sababu. Mtu akikwambia hii ni ya saba na ile ni ya nane, mwulize ni kitu gani kilichoitanguliza ile ya saba. Mara nyingi hutapata jibu, kwa sababu jibu halipo.

SOMO LA IBN SALLAM

Mwanachuoni wa Basra, Muhammad ibn Sallam al-Jumahi, aliyefariki yapata mwaka 846, alitunga kitabu juu ya tabaka za washairi mahodari wa Kiarabu. Hakuwapanga mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Aliweka tabaka kumi za washairi wa zama za Jahilia na tabaka kumi za zama za Uislamu, na katika kila tabaka akatia washairi wanne aliowaona wanalingana. Tabaka la kwanza la Jahilia ni la Imru'ul-Qays, Nabigha, Zuhair na Al-Aasha. Katika utangulizi wake alieleza kwamba kuujua ushairi ni kazi yenye mafundi wake, kama kazi ya mtu mwenye kuzijua dirhamu, aijuaye ile njema na ile mbovu.

Tunapata hapa mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba tabaka ni kweli zaidi kuliko nambari. Akili yaweza kutenga kazi kubwa na kazi ya kawaida, lakini haiwezi kwa uadilifu kutenga ya saba na ya nane.

La pili ndilo zito. Imru'ul-Qays ni mshairi wa Jahilia, na katika mashairi yake mna mambo ambayo baba hawezi kuyasoma mbele ya binti zake. Lakini Ibn Sallam hakumvua cheo cha ufundi kwa ajili hiyo, wala kwa kumpa cheo hicho hakumfanya kiigizo cha mwenendo. Mizani ya ufundi aliiacha mahali pake, na mizani ya mwenendo mahali pake. Hata Qur'ani, mwishoni mwa Sura ya Washairi, haikuwatia washairi wote katika kapu moja. Imewalaumu wapoteao, kisha ikawatoa wale walioamini na kutenda mema.

Basi nasi tutaweka vipimo vinne, na msomaji avione kabla ya kuona orodha. Kwanza, ufundi wa lugha na mwendo wa sauti. Pili, umoja wa kazi, yaani santuri iwe jengo moja, isiwe nyimbo zilizorundikwa. Tatu, upana wa macho: je, mghani anawaona watu wengine katika mtaa wake, au anajiona yeye tu? Nne, kazi hiyo imewafundisha nini waliokuja baada yake.

TABAKA LA KWANZA

Tutazitaja nne kwa kufuata miaka, wala aliyetangulia kutajwa hakumpita mwenziwe.

Ya kwanza kwa tarehe ni "It Takes a Nation of Millions to Hold Us Back" ya Public Enemy, ya mwaka 1988. Mghani wake mkuu, Chuck D, ana sauti ya mhutubu. Mafundi wake, kundi liitwalo Bomb Squad, walikata vipande vingi vya santuri za zamani, hotuba na milio, wakavirundika mpaka muziki ukawa kama mji wenye ghasia. Imo sauti ya Malcolm X, Al-Hajj Malik Shabazz, aliyefika Dar es Salaam na Nairobi mwaka 1964. Vijana wengi waliozaliwa baada ya kuuawa kwake mwaka 1965 waliisikia sauti hiyo mara ya kwanza katika hip-hop. Ufundi huo wa vipande haukudumu vile vile. Mwishoni mwa mwaka 1991 mahakama ya New York iliamua, katika kesi ya msanii mwingine, kwamba kutumia kipande bila ya idhini ya mwenyewe ni kuvunja haki yake, na jaji akaianza hukumu yake kwa amri ya Taurati inayokataza wizi. Tangu hapo kila kipande kikawa na bei yake, na jengo la namna ile likawa ghali mno. Aibu ya santuri hii ni wimbo mmoja unaomkaripia mwanamke kwa kukaa mbele ya televisheni, ilhali wanaume waliokaa karibu naye hawakuambiwa neno.

Ya pili ni "The Low End Theory" ya A Tribe Called Quest, ya mwaka 1991. Hii ni kinyume cha ile ya kwanza: imepunguzwa mpaka ikabaki ngoma, besi na mazungumzo ya marafiki wawili, Q-Tip na Phife Dawg, mmoja mpole na mmoja mchokozi. Katika wimbo mmoja walimwalika Ron Carter, mzee wa jazi aliyewahi kupiga besi pamoja na Miles Davis. Mzee huyo aliweka sharti kwamba katika wimbo huo kusiwe na maneno machafu, na vijana wakakubali. Tunalitaja jambo hili kwa sababu linavunja dai la kwamba bila ya matusi hip-hop haina nguvu. Wimbo huo haukupungukiwa na kitu. Mpigaji santuri wa kundi hilo, Ali Shaheed Muhammad, ni Mwislamu, na Q-Tip naye alisilimu baadaye, katikati ya miaka ya 1990.

Ya tatu ni "Illmatic" ya Nas, ya mwaka 1994. Alikuwa na umri wa miaka 20, mkazi wa nyumba za serikali za Queensbridge. Santuri yenyewe haifiki dakika arobaini, na ufupi huo ni sehemu ya ubora wake. Hapana ubeti wa kujazia. Babake, Olu Dara, mwanamuziki wa jazi, anasikika akipuliza tarumbeta katika wimbo mmoja, na hivyo baba na mwana wamekutana katika kazi moja. Wimbo mwingine umetungwa kama barua kwa rafiki aliyefungwa, unaompa habari za mtaani na za nyumbani. Mtaa ule una bunduki na madawa, na Nas hakuficha. Lakini hakuusimulia kama mtu anayejivunia. Aliusimulia kama shahidi aliyekaa dirishani na kalamu yake.

Ya nne ni "The Miseducation of Lauryn Hill", ya mwaka 1998. Februari 1999 ilipata tuzo tano za Grammy, ikiwemo ile ya santuri bora ya mwaka, ambayo haijapata kupewa kazi ya hip-hop kabla yake. Baina ya nyimbo mna darasa: mwalimu anawauliza watoto nini maana ya mapenzi, nao wanajibu kwa ukweli wa kitoto. Aliyesikika kama mwalimu ni Ras Baraka, ambaye tangu mwaka 2014 ni meya wa mji wa Newark. Mna wimbo ambao mama anamwimbia mwanawe mchanga, aliyemzaa ijapokuwa watu walimnong'oneza kwamba mtoto ataharibu kazi yake. Upande wa pili, wanamuziki wanne walimshitaki wakidai kwamba kazi yao ya utunzi haikutajwa inavyostahiki, na shauri hilo likamalizwa kwa suluhu mwaka 2001. Haki ya mfanyakazi ni jambo zito, hata pale kazi inapozungumzia mapenzi.

TABAKA LA PILI

Hapa tunaweka "Ready to Die" ya Notorious B.I.G., ya mwaka 1994; "Black on Both Sides" ya Mos Def, ya mwaka 1999; "Food & Liquor" ya Lupe Fiasco, ya mwaka 2006; na "To Pimp a Butterfly" ya Kendrick Lamar, ya mwaka 2015.

Msomaji atauliza: ile iliyopewa kilele mwaka 2022 imeshukaje mpaka tabaka la pili? Je, ni kwa sababu ya matusi na ujambazi uliomo? La. Tungeliipima hivyo tungelikuwa tumeichezea mizani. Kwa ufundi wa lugha na pumzi, Christopher Wallace, ndilo jina lake, hana wengi wa kumfikia. Kwa umoja wa kazi pia, santuri yake inaanza kwa kuzaliwa kwa mtoto na kwisha kwa mtu anayejiua. Mwisho huo ni hesabu ya kutisha; anayesema kwamba santuri hii inasifu ujambazi tu, hakuisikiliza mpaka mwisho.

Kilichoipunguza ni kipimo cha tatu. Katika sehemu kubwa ya kazi hii watu wengine hawana nyuso. Anayeporwa ni mfuko wa kuporwa, na mwanamke ni kitu cha kutumiwa. Dhiki ya mghani twaijua kwa undani, lakini dhiki ya aliyeporwa hatuijui kabisa. Weka karibu nayo ile barua ya Nas kwa mfungwa: mwaka ni huo huo, mji ni huo huo, mitaa inafanana, lakini jicho la Nas limeona watu zaidi. Hiyo ni tofauti ya ufundi, kwa maana msimuliaji asiyewaona watu wake hakuukamilisha usimulizi. Kijana huyo aliuawa kwa risasi mjini Los Angeles tarehe 9 Machi 1997, naye ana miaka 24. Hatukitaji kifo chake ili kumshinda kwacho katika hoja. Twakitaja kwa sababu wanaotaja kilele cha orodha mara nyingi humsahau kijana aliyezikwa.

Kwa uadilifu ule ule, tumeiweka "Black on Both Sides" katika tabaka la pili ijapokuwa mwenyewe, ambaye sasa aitwa Yasiin Bey, ameifungua kwa Bismillahi. Nyumba zetu hufurahi kusikia hivyo, na furaha hiyo si dhambi. Ina wimbo mzuri juu ya maji na namna matajiri wanavyoyahodhi, na mwingine juu ya hesabu na umaskini. Lakini imepita dakika sabini, na katikati yake pana mahali inapochoka. Bismillahi haiupunguzi urefu wake. Mghani kuwa Mwislamu ni heri yake mwenyewe, na si cheti cha ufundi wake.

Lupe Fiasco, Wasalu Muhammad Jaco wa Chicago, naye ni Mwislamu. Jina la santuri yake limetoka katika vibao vya maduka ya mji wake yanayouza chakula na pombe chini ya paa moja. Naye alieleza kwamba chakula ni kheri na pombe ni shari, na kwamba vyote viwili vimo katika mtu. Nyimbo chache zimeongezwa kwa ajili ya soko, na hilo limeirudisha nyuma. Kendrick Lamar, aliyepata tuzo ya Pulitzer mwaka 2018 kwa kazi nyingine, ametunga jengo kubwa lenye jazi na mabishano ya nafsi. Tumeiweka hapa kwa sababu bado ni changa, na kipimo cha nne kinahitaji miaka.

NENO KWA WAZAZI

Nyingi kati ya santuri hizi nane zina maneno ambayo mzazi asingependa yasikike katika nyumba yenye watoto wadogo. Tumezihakiki, hatukuziweka mezani pako. Mwenye nyumba ndiye mlinzi wa mlango wake.

Lakini yako makosa mawili ya kuepukwa. Kosa la kwanza ni la mzazi anayesema kwamba yote ni upuuzi. Mwanawe, aliyekwisha kuyasikia maneno ya Nas, anajua kwamba hilo si kweli. Basi huhesabu kwamba babake anasema asilolijua, na kesho baba huyo akimwonya kwa haki juu ya wimbo unaosifu wizi au kumdhalilisha mwanamke, onyo hilo huangukia masikio yaliyokwisha kufungwa. Mzazi amelipoteza neno lake la kweli kwa sababu ya neno moja lisilo la kweli. Kosa la pili ni la mzazi anayenyamaza na kuiacha orodha ya gazeti au ya kampuni iwe mwalimu wa nyumba, hali ya kuwa kampuni inauza hicho hicho inachokipanga.

Njia iliyo bora ni kumtaka kijana apange mwenyewe. Mwambie achague nne, si mia, na mbele ya kila moja aandike kwa nini. Kisha muulize: huyu mghani anawaona watu wangapi zaidi ya nafsi yake? Anayeporwa katika wimbo huu ana jina? Mama yake angekuwamo humu, angezungumziwa vipi? Msiharakishe kukubaliana. Akileta sababu yenye nguvu kuliko yako, mpe haki yake, kwani kijana aliyepewa haki yake katika jambo dogo hukusikiliza katika jambo kubwa. Na nambari ya kwanza akiiacha wazi kwa kuwa hakupata sababu ya kumtanguliza mmoja, huyo ameanza kujifunza uhakiki.